Konokono Arobaini na Mmoja

"Ijumaa usiku ulikuwa wapi, Gregory?"

"Nimeshakwambia mara nne, Afande. Nyumbani. Nimelala."

"Na nani?"

"Na feni."

Inspekta Conchesta hakucheka. Siku nyingine angecheka, kwa sababu Gregory alikuwa mtu wa mzaha na walijuana vizuri. Wote wawili walitoka bara, wote wawili waliimba kwaya ya kanisa dogo la Chake Chake, yeye safu ya mbele, Gregory nyuma kwenye besi. Siku tano tu zilizopita walikuwa wakigombania karatasi moja ya nyimbo. Sasa Gregory alikuwa upande wa pili wa meza ya chumba cha mahojiano, viatu havina kamba, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa mauaji ya Nadhira, mtafiti wa kituo cha utafiti alikofanya kazi. Kesi ya mauaji haina dhamana. Akiingia huko, atakaa mpaka nywele zibadilike rangi.

"Ufunguo wa pikipiki ya kituo unakaa kwako," Conchesta akasema.

"Unakaa kwenye droo yangu. Droo haina kufuli. Kituo kizima kinajua."

"Nadhira alikushitaki kwa mkuu wa kituo."

"Niliacha trei mbili za konokono zikakauka. Nilistahili kushitakiwa. Mtu hauawi kwa trei mbili." Akainama mbele. "Afande, daftari lake mnalo. Umeona ukurasa wa Ijumaa?"

"Mtupu."

"Mtupu. Na hukujiuliza?"

"Ijumaa ni siku yao ya kupumzika, Gregory. Wewe na mimi huandika nini Jumapili?"

Gregory akaegemea kiti. Alionekana mtu aliyechoka kubisha mlango usiokuwa na mtu ndani. "Konokono hawajui Ijumaa," akasema.

Conchesta akafunga jalada. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: dole gumba la shahidi. Bi Mwanaasha wa Chokocho alikuwa ametoa maelezo Jumamosi, lakini katika pilikapilika za siku ile hayakusomwa tena mbele yake wala hakuyawekea alama. Mwendesha mashitaka alikuwa ameyarudisha asubuhi na neno moja pembeni kwa wino mwekundu: *Yasomwe*. Basi yakasomwe, wafunge kazi.

Alikwenda na Koplo Rajab, kijana wa Mtambile, ambaye alikuwa kozini Unguja tangu wiki iliyopita na amerudi jana na meli. Rajab hakuijua kesi. Njiani Conchesta alimweleza, huku gari likipanda na kushuka vilima.

Nadhira Hamzah, miaka ishirini na tisa, mtafiti wa konokono wanaobeba kichocho. Wengine walikuwa wakisema kiangazi kikikausha mabwawa konokono hufa, na mvua ikinyesha huletwa wapya na maji. Nadhira alisema hawafi. Hujizika kwenye tope, wakalala na ugonjwa wao tumboni, wakaamka na mvua. Kuthibitisha, aliwakamata sitini katika bwawa la saba, bondeni Chokocho, akamtia kila mmoja nukta ya rangi ya kucha mgongoni, kisha akangoja. Miezi mitatu bwawa lilikuwa kavu. Wiki iliyopita mvua zikaanza, na Alhamisi alasiri akashuka bondeni kuhesabu. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa katika daftari lake, wa Alhamisi, ulikuwa na mstari mmoja tu uliopigwa kalamu mara mbili chini yake: *Bwawa 7. Wenye nukta, hai: 41.*

"Mashaallah," akasema Rajab. "Hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye tuzo?"

"Ndiyo ambayo ingempa ushindi."

Tuzo yenyewe ilikuwa ya wanabayolojia chipukizi wa kanda nzima, walio chini ya miaka thelathini na tano. Wa Pemba walifika wawili kwenye mchujo wa mwisho, wote wa kituo kimoja: Nadhira na Mundhir Talib. Walitakiwa kueleza kazi zao Dar es Salaam, Jumamosi saa nne asubuhi. Mundhir aliruka Ijumaa asubuhi. Nadhira alikuwa na tiketi ya Jumamosi alfajiri, na alfajiri hiyo kiti chake kilikwenda kitupu. Saa mbili asubuhi, wanawake walioshuka kutazama mpunga wakamkuta kifudifudi katika bwawa la saba, kisogo kimepasuka. Jamaa zake walitaka kumzika kabla ya adhuhuri, na walimzika. Daktari alipewa robo saa, akaandika kwamba amekufa kati ya saa kumi na mbili na saa arobaini nyuma. Huo ulikuwa upana wa kupitisha ng'ombe. Aliyeupunguza ni Bi Mwanaasha, mwenye nyumba aliyokuwa akipanga Nadhira.

"Na huyo Mundhir?"

"Alishinda. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho, Disemba anatimiza thelathini na tano. Kisha nani atamshuku? Ijumaa usiku alikuwa hotelini Dar, watu sita wamekula naye."

Akampa simu. Picha ilikuwa imesambaa katika kila kundi la wasap kisiwani: Mundhir amevaa suti, ameshika kombe la kioo, nyuma yake ukuta wenye maandishi makubwa, na kati ya maandishi namba moja imeandikwa kwa rangi nyekundu. 41.

Rajab akaikuza kwa vidole viwili. "Hesabu hii si ya Nadhira?"

"Nilimwuliza aliporudi Jumapili. Alilia mbele yangu. Alisema Nadhira alimpigia wasap Ijumaa mchana, akampa hesabu, akamwambia aiweke kwa majina yao wote wawili ili kisiwa kisikose. Nikamsomea maelezo ya shahidi, labda angeitambua sauti kwa namna ilivyoelezwa. Akaniomba nimsomee tena pale penye siku. Akauliza, 'Amesema usiku wa Ijumaa, kwa mdomo wake?' Nikamwambia ndiyo. Akafuta macho, akasema Mungu amlaze pema."

Rajab akarudisha simu. Walikuwa wameshaiacha lami.

Bi Mwanaasha alikuwa amekaa chumba cha mbele, juu ya mkeka, anasuka ukili wa mkeka mwingine. Macho yake yalikuwa na ukungu wa miaka, lakini vidole havikuhitaji macho. Buibui lake lilikuwa limetundikwa ukutani, limepigwa pasi, na karibu na mlango palikuwa na mkoba mdogo uliofungwa zipu mpaka mwisho. Conchesta aliuruka ili asiukanyage.

"Assalaam alaykum, Bi," akasema Rajab.

"Waalaykumu salaam. Weye wa wapi? Sauti ya hapa hapa."

"Wa Mtambile, Bi. Mjukuu wa Bi Ghania wa kwenye mashine ya kusaga."

"Ala. Karibuni. Na mwenzio yule wa juzi naye kaja? Karibu, mwanangu. Kaa kitako."

"Shikamoo, Bi," akasema Conchesta.

"Marahaba. Mwenzenu mliyemshika kashasema?"

"Kesho anakwenda mahakamani. Tumekuja kukusomea maneno yako, Bi, kama ni sawa utie dole."

"Someni. Kurani nasoma, lakini hizo zenu za kizungu sizijuwi."

Rajab akafungua karatasi, akasoma kwa sauti ya ofisi. "Mnamo siku ya Ijumaa, majira ya saa mbili usiku, nilikuwa chumbani kwangu nikisoma sura ya Yasini ya kumwombea marehemu mume wangu, ndipo niliposikia pikipiki ikisimama uani. Mwanamme akapiga hodi kwenye mlango wa mpangaji wangu, Nadhira. Baada ya hapo..."

"Ngoja," akasema Bi Mwanaasha. "Rudia hapo."

Rajab akarudia.

"Nani kasema Ijumaa?"

Conchesta akatabasamu kwa subira aliyokuwa akiwawekea wazee. "Wewe, Bi. Jumamosi, tulikaa hapa hapa. Nilikuuliza lini, ukaniambia usiku wa Ijumaa."

"Ee. Usiku wa Ijumaa."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Sivyo ulivyoandika. Huyu kasoma Ijumaa usiku."

"Si ni mamoja, Bi?"

"Yatakuwaje mamoja?"

Conchesta akamgeukia Rajab apate msaada, labda lahaja imewatenga. Rajab alikuwa ameacha kusoma. Kidole chake kilikuwa kimebaki juu ya karatasi, na Conchesta akaona kimesimama kwenye neno gani: *Yasini*.

"Bi," akasema Rajab taratibu, "hiyo Yasini ya marehemu waisoma lini?"

"Mtoto wa Mtambile waniuliza hilo? Husomwa lini? Usiku wa Ijumaa. Mwaka wa kumi na mmoja huu sijaikosa."

"Na kulipokucha, waume walikwenda wapi mchana?"

"Msikitini. Si Ijumaa?"

Rajab akaweka karatasi magotini. Aliona aibu kwa ajili ya mkubwa wake, na aibu hiyo ilimfanya aseme kwa upole uliomuumiza Conchesta zaidi. "Afande, kwetu usiku unatangulia mchana. Jua likishazama Alhamisi, tushaingia Ijumaa. Usiku wa Ijumaa ndio huo. Kwenu mnasema Alhamisi usiku."

"Na Ijumaa usiku?"

"Huo ni usiku wa Jumamosi."

Ukili ukaendelea kukwaruza. Conchesta alikuwa kisiwani mwezi wa saba sasa. Alikuwa amejifunza kula mkate wa ajemi, kujibu salamu, kuficha mabega. Kuuliza si ujinga, lakini hakuna anayeuliza neno analodhani analijua. Aliona uso wake ukiwaka moto.

"Nipe daftari," akasema.

Rajab akalitoa kwenye mfuko wa plastiki wa vielelezo. Conchesta akavaa glavu, akafungua ukurasa mtupu wa Ijumaa, kisha akarudi nyuma kurasa saba. Ijumaa iliyotangulia ilikuwa imejaa: vikombe ishirini vya konokono wa chumbani, saa ya kuwahesabu, waliokufa, waliotaga. Ijumaa ya nyuma yake imejaa. Ya nyuma yake imejaa. Nadhira alikuwa akihesabu asubuhi, anaoga, anakwenda kuswali na wenzake, halafu anarudi kuhesabu tena. Katika miezi minne, Ijumaa tupu ilikuwa moja.

*Konokono hawajui Ijumaa.* Gregory alikuwa amemwambia, naye akamjibu habari za Jumapili.

"Bi, Ijumaa mchana ulimwona Nadhira?"

"Sikumwona. Mlango n'kaukuta umefungwa. Kashaniambia ana safari ya hiyo tunzo yake, n'kasema keshakwenda."

"Na bondeni hakuna aliyeshuka siku nzima?"

"Ijumaa watu hawashuki bondeni, Afande," Rajab akajibu badala yake. "Jembe hupumzika."

Basi Nadhira alikuwa amelala kwenye maji mchana mzima wa Ijumaa na usiku wake, mita mia tatu kutoka hapa. Conchesta akalifunga daftari. Maiti hapigi simu. Ijumaa mchana, saa ambayo Mundhir alisema anaongea naye kwa wasap na kupewa hesabu, Nadhira hakuwa na sauti ya kumpa mtu. Arobaini na mmoja iliandikwa Alhamisi alasiri katika daftari ambalo halikutoka chumbani kwa Nadhira, na aliyeiona aliiona Alhamisi usiku. Njia ya mwongo ni fupi, ila yeye Conchesta ndiye aliyeirefusha kwa mkono wake. Hakuna aliyemwuliza Mundhir alikuwa wapi Alhamisi usiku, kwa sababu Alhamisi usiku, kwa mujibu wa jalada la polisi, hakuna aliyekufa.

Na Mundhir alijua. Mzaliwa wa hapa, aliyelelewa kwa Yasini za usiku wa Ijumaa kama huyu bibi. Aliposomewa mara ya pili alisikia kosa lilipo, akalifunika kwa leso.

"Alhamisi usiku," akasema Rajab, "huyo Gregory alikuwa wapi?"

Conchesta akakumbuka mazoezi ya kwaya. Alikuwa akimsikia Gregory nyuma ya bega lake la kushoto, besi nzito, akikosea mstari wa tatu wa wimbo wa Ekaristi, mwalimu wa kwaya akigonga kinanda, wote wakicheka, wanaanza upya. Ilikuwa saa mbili na nusu kwenye saa ya ukutani. Chake Chake.

"Alikuwa akiimba," akasema. "Mimi ndiye shahidi wake." Ilimuuma kulisema, na alilisema.

Bi Mwanaasha alikuwa amelaza ukili mapajani. "Kwa hiyo mmemfunga asiyekuwa."

"Mimi nimemfunga, Bi. Nilikusikia vibaya."

"Hata mie nna langu." Sauti yake ikashuka. "N'lisikia wanabishana. Yule mtoto anasema, 'Hesabu zangu, sikupi.' Kisha wakashuka bondeni na taa, yeye amwonyeshe, atulize ubishi. Nami nimo katika Yasini. Hodi ya yule mtu ilikuwa ishanikatiza, n'kalazimika kuanza upya. N'kasema sikati tena. Lau ningetoka, n'kamwita."

"Usiseme lau, Bi," akasema Rajab.

"Nasema. Nalala nayo."

Conchesta akamsogelea mpaka magoti yao yakakaribiana. "Bi, kesho mahakamani utayasema haya? Bila wewe sina kitu. Daktari hana saa, simu ya Nadhira iko kwenye tope, na mimi mwenyewe naimba naye kwaya, nani ataniamini peke yangu? Neno lako ndilo litakalomtoa yule mtu."

"Kesho?" Bi Mwanaasha akashangaa. "Kesho asubuhi mie nipo kwa daktari wa macho. Leo nalala mjini."

Conchesta akautazama mkoba mlangoni. Aliuona tangu alipoingia, akauruka.

"Nani anakupeleka, Bi?"

"Huyo kijana wa tunzo. Mundhir. Kaja jana na wenziwe kunipa pole, n'kakaa nao pale barazani. Wenziwe walipoondoka kabaki kidogo, maneno yake ya pole pole. Kaniuliza nliyowaambia polisi, n'kamwambia kama nlivyokwambia weye. Kanambia, 'Vyo hivyo, Bi. Usigeuze hata neno moja.' Kisha kaona macho yangu, kasikitika, kasema kesho, yaani leo, atakuja na gari kunichukua. Kijana ana imani."

"Atakuja saa ngapi?"

"Saa kumi. Kanambia nisimsumbue mtu kumuaga, tutarudi mara."

Rajab alikwisha kutazama saa yake. "Kumi kasoro dakika kumi na mbili."

Kwa mara ya kwanza tangu afike Pemba, Conchesta aliogopa waziwazi, na alikuwa na mtu wa kumwogopea. Akasimama. "Gari. Lipeleke nyuma ya skuli, urudi kwa miguu kupitia uani. Piga simu Mtambile walete watu wawili, wasipige king'ora. Usisimame mahali anapoweza kukuona."

Rajab akatoka. Conchesta akaokota viatu vyake vya kazi pale kizingitini, akaviingiza ndani. Kisha akakaa karibu na Bi Mwanaasha, nyuma ya ubao wa mlango, akageuza karatasi ya maelezo na kuandika nyuma yake, haraka lakini kwa mwandiko unaosomeka: *Maelezo ya mbele yaliandikwa na mimi, na siku niliyoiandika si siku aliyoitaja shahidi. Alisema usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuzama. Kosa ni langu.* Akamsomea. Bi Mwanaasha akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akanyoosha dole gumba mwenyewe likatafute wino.

"Bi, sauti ya yule mwanamme wa usiku ule. Ulisema huijui."

"Wakibishana walikuwa mbali, maneno yalikuja nusu nusu. Niliyoisikia sawasawa ni hodi yake. Hiyo ilikuwa hapa dirishani."

"Na huyu wa jana hakupiga hodi?"

"Apige ya nini? N'likuwa nje barazani."

Mbali, kwenye njia ya mchanga, mlio wa gari ukaja, ukapungua, ukazimwa kabla ya kufika nyumbani. Mlango wa gari ukafungwa taratibu. Uani, nyuma ya nyumba, jani kavu likavunjika chini ya mguu wa Rajab. Bi Mwanaasha alikuwa ameuchukua ukili wake tena, vidole vinakwenda, wino mbichi ukiacha alama kwenye kila mshono.

Nyayo zikapanda barazani.

"Hodi," ikasema sauti.

Vidole vya Bi Mwanaasha vikasimama.

"Hodi, hodi."

Mkono wa bibi ukatafuta mkono wa Conchesta kivulini nyuma ya mlango, ukaukamata. "Ndiyo hiyo," akanong'ona. "Ndiyo ilonikatiza Yasini." Kisha akauacha mkono, akajiweka sawa juu ya mkeka, akainua uso wake kuelekea mlangoni.

"Karibu, baba," akaitikia. "Mie nshakuwa tayari."